Bibi Hakuteleza Tu

Wodi ya mifupa ya hospitali ninayofanyia kazi, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ina wagonjwa wa aina mbili. Upande mmoja wamelala vijana wa bodaboda, mguu umefungwa uzito, simu mkononi. Upande wa pili wamelala akina bibi. Muulize kijana kilichompata, atakusimulia lori, kona, mvua na abiria aliyeruka. Muulize bibi, jibu lake ni fupi: "Niliteleza tu, mwanangu." Aliteleza akitoka jikoni. Aliteleza akienda chooni alfajiri. Mwingine wala hakuteleza. Aliinama kuinua ndoo ya maji, mgongo ukalia.

Kwenye eksirei, mifupa iliyovunjika ya pande zote mbili inafanana. Wenye nayo ndio hawafanani. Kijana alikuwa na mfupa mzima uliokutana na nguvu kubwa. Bibi alikuwa na mfupa mgonjwa uliokutana na nguvu ndogo. Kijana akiwekewa chuma na mfupa ukaunga, matibabu yake yamekwisha. Bibi akiwekewa chuma, ya kwake ndiyo kwanza yanaanza. Lakini mara nyingi siku nyuzi zinapotolewa anakabidhiwa karatasi ya ruhusa, gongo la kutembelea na dawa ya maumivu, anaambiwa pole na awe mwangalifu, basi.

Mimi si mpasuaji. Ni daktari wa magonjwa ya ndani, na wenzangu huniita wodini kuangalia presha na sukari kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji. Nikimaliza hayo huuliza swali ambalo sikuitiwa: mfupa huu umevunjika kwa nini?

Kanuni yake ni rahisi kushika. Mtu aliyevuka miaka 50 akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, yaani alikuwa amesimama tu akaenda chini, na mfupa ukavunjika, mfupa huo unahesabiwa kuwa mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni osteoporosisi: mfupa umepungua ujazo, umejaa matundu, hauhimili. Huvunjika zaidi sehemu tatu, na mara nyingi kwa mfuatano huu. Mama wa miaka 55 anaanguka, anajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kinavunjika, anawekewa plasta ngumu (P.O.P.), anapona, anasahau. Miaka kumi baadaye pingili za uti wa mgongo zinaanza kubonyea. Akikaribia 80 inafuata nyonga. Na nyonga si jambo la mchezo: hata kwenye nchi zenye hospitali nzuri, takriban mzee mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga hufariki kabla mwaka haujaisha, kwa nimonia, damu kuganda au vidonda vya kulalia.

Ule mkono wa miaka 55 ulikuwa taarifa. Hakuna aliyeisoma.

Wabomoaji na wajenzi

Wengi wetu hudhani mfupa ukishakomaa umemaliza kazi. Kumbe mfupa ulio hai unakarabatiwa muda wote, mithili ya nyumba ya udongo ambayo kila msimu hubanduliwa palipochakaa na kukandikwa upya. Zipo seli za kubomoa na zipo seli za kujenga. Kwa mtu mzima, karibu mifupa yote huwa imefanywa upya katika muda wa miaka kumi hivi. Mpaka mwishoni mwa miaka ya ishirini ya umri wetu wajenzi huwazidi wabomoaji na akiba hujaa. Kisha kwa miaka kadhaa wanakwenda sare.

Kwa mwanamke mambo hugeuka hedhi inapokoma. Homoni ya estrojeni, ambayo siku zote ndiyo iliyowashika mkono wabomoaji, hushuka ghafla, na katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo anaweza kupoteza hata sehemu moja ya tano ya mfupa wake. Haumwi popote. Aliyeliweka jambo hili wazi ni daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, ambaye mwaka 1941 alieleza kwamba wagonjwa wake waliobonyea pingili kabla ya uzee mkubwa walikuwa karibu wote wanawake waliokoma hedhi.

Wanaume hawana mporomoko huo wa ghafla, ila nao hawakuachwa: duniani, takriban theluthi moja ya nyonga zinazovunjika ni za wanaume. Pombe nyingi, sigara, na sindano za kushusha homoni kwa wenye saratani ya tezi dume zote huchangia.

Halafu kuna dawa zinazokula mfupa kimyakimya, na inayoongoza ni familia ya steroidi: prednisoloni na deksamethasoni. Mwenye pumu kali au baridi yabisi anazihitaji, na daktari wake anajua kwa nini. Ninaowaonea huruma ni wanaozinunua kienyeji ili wanenepe, wajaze mashavu, waonekane wamependeza. Vidonge hivyo vikiliwa kila siku kwa miezi mitatu au zaidi, mifupa hushuka kwa kasi kuliko hata wakati wa kukoma hedhi. Nimeona pingili zilizobonyea kwa dada ambaye bado ananyonyesha.

Ukuta na vidole viwili

Watu wanaposikia uchunguzi wa mifupa huwaza mashine kubwa ya mjini. Mashine tutaifikia. Kwanza nieleze ninachofanya kwenye chumba changu chenye meza, kitanda na ukuta.

Bibi mmoja wa Old Moshi aliletwa na mjukuu wake kwa ajili ya presha. Nilimwamkia, nikamuuliza mgongo unaendeleaje.

"Mgongo huu ni wa majani, mwanangu. Nimebeba majani ya ng'ombe toka nikiwa msichana."

Sikubishana naye. Nilikuwa natazama pindo la dera lake. Kwa mbele lilikuwa linaburuta na limeshika matope. Kwa nyuma lilikuwa limepanda juu ya vifundo. Mjukuu akasema dera hilo hilo lilimkaa sawasawa alipolivaa mara ya kwanza kwenye Krismasi. Dera halibadiliki mbele na nyuma. Aliyebadilika ni aliyelivaa.

Nikamwomba avue kandambili asimame ukutani: visigino viguse, makalio yaguse, mgongo uguse, macho mbele. Mtu mwenye pingili nzima, kisogo chake hugusa ukuta bila kujilazimisha. Cha bibi hakikufika. Kati ya kisogo na ukuta ilipita ngumi yangu nzima. Hiyo ni dalili kwamba pingili za kifuani zimebonyea. Kisha nikasimama nyuma yake nikaingiza vidole ubavuni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Hapo panatakiwa paingie vidole viwili au zaidi. Kwake kiliingia kimoja, kwa taabu, naye akacheka akidhani namtekenya. Nafasi ikiwa finyu hivyo, zilizobonyea ni pingili za kiunoni. Nikauliza na urefu. Mjukuu akakumbuka kuwa zamani bibi alikuwa mrefu kuliko mama yake mjukuu, na sasa mama ndiye mrefu. Kupungua sentimita 4 tangu ujana kunatosha kumtia daktari wasiwasi.

Tukapiga eksirei ya mgongo ya ubavuni. Pingili tatu zilikuwa zimebonyea upande wa mbele, zimebaki na umbo la kabari. Bibi hakukumbuka kuanguka hata mara moja. Hilo ni la kawaida: takriban theluthi mbili za pingili zinazovunjika hazigunduliki wakati zinapovunjika, kwa sababu mwenyewe husema ni mgongo tu, na anayemsikiliza huitikia kuwa ni uzee tu.

Mashine, na pale isipokuwepo

Eksirei ya kawaida inaonyesha mfupa uliokwisha vunjika au kubonyea. Haifai kupima mfupa unaopungua, maana mpaka upungufu uonekane kwa macho, kiasi cha asilimia 30 kimeshakwenda. Kipimo chenyewe kinaitwa deksa. Unalala chali kitandani, mkono wa mashine unapita juu yako bila kukugusa, mionzi yake ni midogo sana, na kwa dakika kumi hadi ishirini umemaliza. Hupimwa nyonga na kiuno. Jibu hutoka kama alama T, inayolinganisha mfupa wako na wa mwanamke kijana mwenye afya. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1994, kuanzia hasi 1 kwenda juu ni salama. Kati ya hasi 1 na hasi 2.5 mfupa umepungua, hasi 2.5 kwenda chini ni osteoporosisi. Kila alama moja inayoshuka, hatari ya kuvunjika huongezeka karibu maradufu.

Katika Afrika Mashariki mashine hizi ni chache na ziko zaidi kwenye miji mikubwa. Wagonjwa wangu wengi hawataiona. Kwa hiyo nataka ieleweke: mzee aliyevunjika nyonga au pingili kwa kuanguka kidogo hahitaji deksa ili aanze dawa. Mfupa wake umeshatoa jibu. Kwa ambaye bado hajavunjika kuna kikokotoo kiitwacho FRAX, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na kutolewa mwaka 2008. Daktari anajaza umri, jinsia, uzito, urefu, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi wako alivunjika nyonga, sigara, pombe, steroidi na baridi yabisi, kisha anapata makadirio ya hatari yako kwa miaka kumi ijayo. Kinafanya kazi hata bila deksa.

Mifupa inayodanganya

Kabla ya kumwandikia mtu dawa ya osteoporosisi huwa nachukua damu, na hapa siruki hatua. Napima kalsiamu, fosfeti, alkalaini fosfatesi, figo, tezi ya shingo na picha nzima ya damu, na vitamini D pamoja na homoni ya parathiroidi pale maabara inapoweza. Katika osteoporosisi ya kawaida kalsiamu, fosfeti na alkalaini fosfatesi huwa salama. Zikiwa na kasoro, kuna mwingine amejificha.

Anayejificha mara nyingi ni osteomalasia. Hapa mfupa umejengwa lakini haukushika madini, kwa kukosa vitamini D au fosfeti. Mgonjwa huumwa ukimbonyeza tu goko au mbavu, hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, na hutembea akiyumba kama bata. Alkalaini fosfatesi huwa juu. Kwa mtoto ugonjwa huo huo huitwa rikets na huleta matege. Utafiti uliotangazwa mwaka 1999 kutoka Nigeria ulionyesha kwamba matege ya watoto wengi kule yalitokana na upungufu wa kalsiamu kwenye chakula, wala si kukosa jua.

Jua tunalo, lakini kuwa nalo ni jambo moja na kulipata ni jingine. Watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoshinda nje, walikuta wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Ni zaidi ya mara mbili ya 50, kiwango ambacho chini yake wengi wetu huanza kuhesabu upungufu. Lakini bibi aliyepooza hatoki ndani. Ndugu zetu walioko Muscat, kwenye jua la kuchoma, hutoka nyumba yenye kiyoyozi na kuingia gari lenye kiyoyozi, na upungufu wa vitamini D huko Ghuba ni jambo la kila siku. Walioko Ulaya nao hupita miezi ya baridi ambayo jua lake halitengenezi vitamini D kabisa, sembuse kwenye ngozi nyeusi.

Chanzo kingine cha osteomalasia kinawahusu baadhi ya wanaotumia dawa za VVU. Tenofoviri, iliyomo kwenye kidonge wanachomeza wengi, huharibu mirija ya figo kwa watu wachache na fosfeti ikapotelea kwenye mkojo. Asiache mtu dawa kwa kusoma hapa. Mwenye maumivu ya mifupa aombe apimwe figo na fosfeti. Dawa mbadala zipo.

Yuko pia mailoma, saratani ya uboho, ambaye hupenda kuvaa sura ya osteoporosisi. Mzee mwenye pingili zilizobonyea, damu pungufu na figo zinazolegea asipewe kalsiamu na kurudishwa nyumbani. Achunguzwe protini za damu kwanza.

Na tukishuka upande wa Meru tunakutana na mdanganyifu wetu wenyewe: floridi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floridi kwenye chemchemi na visima, na baadhi ya vyanzo vya Arumeru vimepimwa na kukutwa na zaidi ya mara kumi ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Magadi ya kupikia maharage huongeza nyingine. Wageni huona meno ya kahawia ya watu wa Maji ya Chai na kuishia hapo. Mimi naona eksirei zao. Mfupa unang'aa mweupe kuliko kawaida, kano zimeota mfupa, mgongo umekaza. Ukimpeleka mwenye mfupa huo kwenye deksa, mashine itampa alama za juu, nao mfupa hauna uimara. Jambo hili dunia ilijifunza kwa gharama: mwaka 1990 Mayo Clinic ya Marekani ilitangaza matokeo ya kuwatibu wanawake wenye osteoporosisi kwa floridi. Ujazo wa mfupa wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 35, lakini pingili ziliendelea kuvunjika vilevile, na mifupa mingine ikavunjika zaidi. Tiba ya mifupa iliyojaa floridi ni kubadilisha maji, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kwa miaka mingi kazi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Dawa na namna ya kuimeza

Dawa ya kwanza kwa wengi ni alendroneti, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1995. Ni kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki, na hushikamana na mfupa na kuwazuia wabomoaji. Kina masharti, na masharti ndiyo dawa yenyewe. Umeze asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, halafu ukae wima nusu saa bila kula wala kulala. Hata ukifuata yote hayo, inayoingia mwilini haifiki asilimia moja. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa mwaminifu kuliko wote: kila Jumapili, bila kukosa, alimeza kidonge chake kwa chai ya maziwa, akarudi kitandani kusubiri kengele ya kanisa. Kalsiamu ya maziwa iliinasa dawa yote, na kilichopanda kikamchoma koo. Tukahamisha chai ikaja baada ya ibada, kiungulia kikaisha.

Asiyeweza kumeza hupewa asidi ya zoledroniki, dripu moja ya miligramu 5 kwa mwaka. Katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2007, dripu hiyo kwa miaka mitatu ilipunguza kubonyea kwa pingili kwa asilimia 70 na kuvunjika kwa nyonga kwa asilimia 41. Mwaka huo huo utafiti mwingine ulihusu waliokwisha fanyiwa upasuaji wa nyonga: waliopata dripu walivunjika upya kwa kiasi cha asilimia 35 pungufu, na vifo vyao vilipungua kwa asilimia 28. Takwimu hizo ndizo ninazobeba kwenda nazo wodini. Baada ya dripu ya kwanza wengi hupata homa na kuumwa viungo kwa siku mbili tatu. Nisipowaambia mapema, hukimbilia kupimwa malaria.

Tahadhari zipo. Figo zikiwa dhaifu sana dawa hizi hazifai. Vitamini D na kalsiamu zirekebishwe kwanza, la sivyo kalsiamu ya damu hushuka ghafla na mikono kukakamaa. Mwenye jino bovu alitoe kabla ya kuanza, kwa kuwa mara chache sana taya hukataa kupona. Na baada ya miaka mitano ya vidonge au mitatu ya dripu, daktari hupima upya kama mgonjwa apumzike, kwa sababu kwa wachache waliotumia mfululizo fupa la paja huweza kupata ufa.

Zipo na nyingine. Denosumabu ni sindano ya kila miezi sita, na anayeianza asiikatishe kwa kukosa nauli au bima, maana ikikatika bila dawa ya kuipokea pingili huweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Teriparataidi, sindano ya kila siku, huwaongezea nguvu wajenzi. Bei yake kwetu bado iko mbali na mkulima wa kahawa.

Uani na jikoni

Dawa haimfai mtu anayeanguka kila wiki. Nikizungumza na familia sianzi na maziwa, naanza na choo. Kiko umbali gani? Usiku kuna taa? Kandambili zimeisha soli? Bibi anaona, au mtoto wa jicho amefunika? Ameandikiwa dawa ya usingizi? Halafu nauliza ufagio. Ufagio mfupi humkunja mwenye pingili dhaifu kila asubuhi. Uwekeeni mpini mrefu, na ndoo ya maji aibebe mjukuu. Lakini msimkalishe. Mfupa usiobeba uzito hupungua, kwa hiyo atembee, na ajizoeze kuinuka kwenye kiti bila kujitegemeza kwa mikono, mara kadhaa kwa siku.

Chakula kipo. Mahitaji ni miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa au mtindi kina kama 300. Ulezi una zaidi ya 300 kwa gramu 100, na dagaa wanaoliwa na miiba yao wana nyingi. Kalsiamu za vidonge ni za kufidia pengo tu.

Sasa niseme na wewe unayekwenda kumchukua mama au bibi wodini. Chuma kilichowekwa nyonga ya kushoto hakiilindi ya kulia, na miaka miwili ya mwanzo baada ya kuvunjika ndiyo yenye hatari kubwa ya kuvunjika tena. Kabla ya kusaini karatasi ya ruhusa uliza mfupa ulivunjika kwa nini, majibu ya damu yanasemaje, na dawa ya mfupa inaanza tarehe ngapi. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yake. Ukijibiwa kwamba ni uzee tu, usikubali haraka. Wapo wazee wa miaka 90 wanaoanguka, wakajipangusa vumbi, wakaendelea na safari.